Mbeba Ngano Hali Mkate

Jumatatu 25 Novemba 1974
Jina langu Silvester Kalinga. Nakaa Kihesa, Iringa. Nafanya kibarua bekari ya Mzee Budeba kule Mlandege, nabeba magunia ya ngano. Mke wangu Subilaga kafariki mwezi wa nane mwaka huu. Nina mtoto mmoja, Evarista, miaka kumi. Mwalimu Andendekisye wa elimu ya watu wazima kasema kila mtu aandike daftari mpaka mtihani wa mwakani, hata mstari mmoja. Nimeuliza niandike nini. Kasema andika kilichotokea. Leo hakijatokea kitu.

Jumatano 27
Mvua bado. Magunia thelathini na mbili.

Alhamisi 28
Mvua imeanza saa nane mchana. Nimefunika magunia kwa turubai. Mimi nimelowa, ngano haijalowa.

Ijumaa 29
Duka la ushirika hamna unga. Watu wamepanga foleni tangu alfajiri wamerudi na vikapu vitupu. Sisi tuna mkate. Mzee Budeba kila jioni anatugawia mmoja mmoja, ile iliyobonyea au kupasuka, ambayo haiuziki. Majirani wanatuona matajiri.

Jumapili 1 Desemba
Asukile kaja. Ni jirani yangu, Mnyakyusa, mpishi kwa daktari mama wa misheni, yule mzungu. Kanikuta nammegea Evarista mkate.

"Baba Evarista, mtoto wa daktari kakatazwa hicho kitu."

"Kitu gani?"

"Mkate. Chapati, andazi, keki, chochote cha ngano. Mimi sasa nampikia vikeki vya unga wa mchele. Vinavunjika kama udongo."

"Wazungu bwana. Mtoto akatazwe mkate?"

"Usicheke. Alikuja hapa tumbo hili hapa, miguu njiti, anaharisha mchana na usiku. Mama yake, daktari mwenyewe, alikuwa analia. Wamemwachisha ngano miezi minne. Jana kavunja dirisha kwa mpira."

Sikucheka tena. Subilaga alikufa tumbo kubwa, miguu njiti. Aliharisha. Na mimi nimeleta mkate nyumba hii miaka sita, kila jioni, chini ya kwapa, wa moto. Niliona ndio mapenzi.

Nimemuuliza Asukile, ngano inaua? Kasema ukiwa na ugonjwa huo inaua. Utajuaje unao? Kasema hajui, yeye ni mpishi.

Mkate uliobaki nimempa mke wa Asukile. Kaupokea mbio kabla sijabadili mawazo. Evarista kalia. Nimemwambia kuanzia leo nyumba hii hamna ngano. Kauliza kwa nini. Sikumwambia.

Jumatatu 2
Chai ya saa nne nimekunywa kavu. Lutengano, tunayebeba naye, kala skonzi yangu. Kauliza kama nimekuwa Mwislamu nafunga.

Jumanne 3
Tumbo zuri.

Jumatano 4
Tumbo zuri.

Alhamisi 5
Tumbo zuri. Magunia arobaini na sikuchoka. Kumbe ilikuwa inanimaliza taratibu.

Jumamosi 7
Leo nimefanya jambo sijui kama ni baya.

Mzee Budeba ni Msukuma, alikuwa mpishi wa jeshi. Jeshini mpishi anaonja kwanza mbele ya askari. Basi na yeye kila asubuhi saa moja akifungua mlango anakata mkate wa kwanza, sisi wabebaji wawili tunakula pale pale mlangoni, watu wa foleni wanatuona. Ndio desturi ya bekari yake. Watu wanaipenda, wengine wanapiga makofi.

Wiki nzima kipande changu nimekuwa natia mfuko wa kaptula. Leo mama mmoja wa mbele kaniona.

"We baba, mbona unaficha?"

"Sili ngano."

"Kwa nini?"

"Inaua."

Nimesema hivyo hivyo. Foleni nzima imecheka. Halafu ikanyamaza.

Jumatatu 9
Foleni fupi. Mzee Budeba kaniita stoo.

"Kalinga. Mbeba ngano hali mkate. Mteja anaelewa nini hapo?"

"Sijui, mzee."

"Anaelewa unga una kitu! Mwaka huu kila mtu anaogopa unga. Ule wa mahindi ya njano wanasema wa ng'ombe. Wangu watasema una chaki."

"Mimi nimesema ngano. Sikusema unga wako."

"Unga wangu mimi ni wa nini, wa michembe ya viazi?"

Kaniangalia juu mpaka chini. Kasema tangu azaliwe hajaona mtu anapewa mkate bure mwaka wa njaa anaukataa na si mgonjwa.

Nikasema labda mgonjwa.

"Unabeba magunia arobaini. Mgonjwa gani wewe? Kesho usije mlangoni. Kaa stoo."

Jumanne 10
Stoo. Mvua.

Jumapili 15
Ulanzi, pombe ya mianzi, umeanza kutoka. Nimekaa kilabuni na Asukile mpaka jioni. Mtamu.

Jumatatu 16
Tumbo baya sana. Ngano sijagusa. Sielewi. Nafikiri ni vumbi lake, linaingia puani nikibeba.

Jumanne 17
Nimefunga kitambaa puani. Tumbo bora kidogo.

Alhamisi 19
Watu wa foleni wameniona napita na gunia nimefunga pua. Mama mmoja kachukua kikapu chake kaondoka. Wengine watatu wakamfuata. Mzee Budeba hakuniita stoo. Alinitukana hapo hapo barabarani kwa Kisukuma. Sijui kasema nini lakini nimeelewa.

Jumapili 22
Ulanzi kidogo.

Jumatatu 23
Tumbo baya. Kitambaa nilifunga. Sielewi.

Jumatano 25, Krismasi
Kanisani. Foleni ya komunyo nimekaa kwenye benchi. Baada ya misa katekista Joachim kanishika mkono.

"Silvester, Noeli hukukomunika. Una dhambi gani?"

"Sina. Ile hostia inatengenezwa na nini?"

"Ni Mwili wa Kristo."

"Najua. Kabla ya hapo."

Kafikiri. "Masista wanatengeneza kwa unga."

"Wa nini?"

"Wa ngano."

"Basi ndiyo hivyo."

Kasema atamuuliza padre. Mimi pia nimebaki nafikiri. Kama ngano inaua, Bwana wetu angeichagua? Mchele ulikuwepo au haukuwepo kule kwao, sijui. Evarista alikomunika. Sikuwahi kumzuia. Usiku kucha nimesikiliza kama anaumwa tumbo. Alilala kama gogo.

Jumamosi 28
Atuganile kaja kutoka Mbeya. Ni dada yake Subilaga, mkubwa kwake, anauza ndizi sokoni. Basi lao liliharibika Igawa, wamelala njiani, kafika amechoka na hasira anayo. Mke wa Asukile alimwandikia barua. Hakunisalimia vizuri.

"Shemeji, ni kweli unamkataza mtoto mkate?"

"Kweli."

"Mkate wa bure?"

"Wa bure."

"Na unga hamna."

"Upo wa njano. Na viazi."

Kakaa kwenye kigoda kavua viatu. "Mdogo wangu kanifia mikononi mwako, sikusema neno. Nikasema ni Mungu. Sasa mtoto umlaze njaa kwa sababu mpishi wa Mzungu kakuambia hadithi?"

"Si hadithi. Ngano ndiyo ilimuua dada yako."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta pesa iliyoanguka. Halafu kasema taratibu: "Nakuja tena Pasaka. Nikimkuta mtoto amekonda hata kidogo, naondoka naye Mbeya. Ndizi zipo, mchele wa Kyela upo. Na hutamwona mpaka aolewe."

Evarista alikuwa mlangoni. Kasikia yote.

Jumatano 1 Januari 1975
Nimempima Evarista mkono kwa kamba, hapa juu ya kiwiko, nikafunga fundo. Atuganile akirudi hiyo kamba itasema.

Jumatatu 6
Shule imefunguliwa. Magunia ishirini tu. Bekari inauza nusu.

Jumapili 12
Kilabuni.

Jumatatu 13
Tumbo baya.

Jumamosi 18
Nimempima Evarista. Fundo limebana! Mkono umeongezeka. Kwa viazi na unga wa njano na kunde. Nimemwonyesha Asukile. Kasema kweli mtoto kanona. Nimefurahi kuliko siku zote tangu mwezi wa nane.

Jumatatu 20
Nimefukuzwa kazi. Mzee Budeba hakupiga kelele, ndiyo imeniuma.

"Kalinga, nimekuvumilia wiki sita. Kesho asubuhi simama mlangoni, kula kipande kimoja, watu wakuone. Kimoja tu. Nikupe na siagi."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi au hutaki?"

Nikamwambia sijui.

"Mtu hajui kama hawezi au hataki!" Kamwambia Lutengano asikie. Halafu kasema niende.

Alhamisi 23
Kibarua cha kulima kwa mtu Kihesa juu. Mvua kubwa. Majembe yanateleza.

Jumamosi 1 Februari
Evarista anachelewa kutoka shule siku hizi. Anasema wanacheza rede. Fundo nimelihamisha mara ya pili. Ananona na mimi nakonda. Haidhuru.

Jumatano 12
Jumatano ya Majivu. Katekista Joachim kanisimamisha mbele ya wanaume. Kasema mtazameni Silvester, kaacha mkate tangu Desemba, nyinyi mnashindwa hata nyama Ijumaa. Nikataka kusema si kwa ajili ya Kwaresima. Sikusema. Wamenipa mikono.

Jumapili 16
Kazi hamna. Kesho naenda Igawa na lori, wanatafuta wabebaji wa mpunga. Evarista atakaa kwa mke wa Asukile.

Jumanne 18, Igawa
Joto. Barabara kubwa, malori usiku na mchana. Wasukuma wenye ng'ombe wengi wamehamia bondeni huku Usangu. Nalala banda la mpunga na Msukuma mmoja, Shigela. Tunakula wali asubuhi, wali jioni. Ngano hamna hata harufu. Ulanzi hamna. Nimesema hapa tumbo langu litapona kabisa.

Alhamisi 20
Tumbo zuri.

Jumamosi 22
Tumbo baya kuliko siku zote. Nimekwenda porini mara tisa. Wali mtupu nimekula! Shigela kaniuliza umekula nini. Nimesema sijala ngano. Kasema sikuuliza usichokula, nimeuliza ulichokula.

Jumapili 23
Nimelala tu. Sielewi. Labda ngano inakaa mwilini muda mrefu, inatoka kidogo kidogo.

Ijumaa 28
Bora. Magunia sitini.

Jumapili 9 Machi
Nimerudi Kihesa juzi na debe mbili za mchele. Evarista kanikimbilia. Nimempima kabla sijakaa chini. Wiki tatu sikuwepo na fundo limesogea kidole kizima. Sasa nina ushahidi. Ngano ilikuwa inatumaliza watatu, mmoja imemmaliza, wawili tumetoka. Nimesema hivyo kwa Asukile. Mke wake aliinama akachochea moto. Hakusema kitu, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Jumamosi 15
Mvua. Kibarua cha kupakia mbao siku mbili.

Jumatatu 24
Mvua. Hamna kazi.

Jumamosi 29
Atuganile kafika na mkungu wa ndizi. Kamgeuza Evarista kushoto kulia kama anayenunua mbuzi.

"Haya," kasema. "Nimekosea. Mtoto kanona. Shemeji, nisamehe."

Nikaleta kamba. Nikamwonyesha mafundo, hili la Januari, hili la Februari, hili la Machi. Nikamwambia hakuna chembe ya ngano miezi minne, ndiyo maana. Nilijisikia mtu mzima mbele yake kwa mara ya kwanza.

Evarista akaanza kulia.

Atuganile kamvuta. "Mwanangu, unalia nini? Kwani unakula nini wewe?"

"Mkate."

"Mkate wa wapi?"

"Wa Babu Budeba. Nyuma ya bekari. Nikitoka shule."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Mama aliposema nikikonda atanichukua."

Mama ni Atuganile, ndivyo anavyomwita.

Nilikuwa nimeshika kamba. Atuganile hakucheka wala hakunisuta. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nimetoka nje nikasimama mvuani mpaka nikaona aibu ya kusimama.

Jumapili 30, Pasaka
Sikwenda kanisani. Niandike vizuri maana jana sikumaliza.

Mtu aliyenifukuza kazi amemlisha mwanangu kila siku ya shule miezi mitatu. Nusu mkate anakula pale pale, nusu anampelekea mke wa Asukile, ndiyo anakula huko jioni nikiwa kilabuni. Mke wa Asukile alijua. Asukile kasema yeye hakujua, namwamini, mwanamume haambiwi kitu. Kila fundo la kamba yangu ni mkate wa Budeba.

Nimetaka kumchapa Evarista. Nimeshindwa. Alikula ili abaki na mimi. Nitampiga kwa hilo?

Jioni Atuganile kaniweka chini.

"Nilisema nikimkuta amekonda namchukua. Hajakonda. Lakini si kwa akili yako. Sasa sitaki kugombana. Tumuulize mwenyewe."

Evarista kasema atakaa kwa baba. Nikapumua. Halafu kasema, "Ila nataka kula mkate nyumbani. Kule nyuma nameza haraka haraka, naogopa baba atapita."

Atuganile akanitazama. "Umesikia. Basi langu ni Jumapili ijayo. Mkate ukiingia nyumba hii, anabaki. Usipoingia, tunaondoka wote wawili."

"Na akifa?" nikasema.

"Kala miezi mitatu, shemeji."

"Mama yake alikula miaka sita."

Jumatano 2 Aprili
Nimekwenda kwa daktari mama, misheni. Asukile kanitangulia kuniombea. Nimekaa foleni tangu asubuhi mpaka saa saba. Nimekwenda na daftari hili maana nilijua nitasahau.

Kanibonyeza tumbo, kanitazama macho na ulimi, kanitoboa kidole, kanipima kwenye mzani. Kiswahili chake cha taratibu lakini kimenyooka.

"Wewe huna ugonjwa wa mtoto wangu."

"Umejuaje?"

"Ungekuwa nao miaka yote hiyo ya mkate, usingeweza kubeba gunia hata moja."

"Na binti yangu?"

"Amekula mkate miezi mitatu amenenepa. Wangu angekuwa kitandani wiki ya kwanza."

"Nikiacha ngano tumbo linakuwa zuri. Nimeandika."

Kachukua daftari kasoma. Kageuza kurasa, kaweka kidole. Jumapili ulanzi, Jumatatu tumbo baya. Jumapili ulanzi, Jumatatu tumbo baya. Kaniuliza Jumapili nakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo. Kidogo ngapi? Lita nne, tano. Kaendelea.

"Na Igawa ulikunywa maji gani?"

"Ya mfereji wa mpunga."

Kaweka kidole kwenye ile Jumamosi ya Igawa.

Halafu nikamuuliza lile lililonipeleka. Nikamweleza Subilaga, tumbo, miguu, kuharisha. Kauliza macho yalikuwa rangi gani. Nikakumbuka. Yalikuwa ya njano mwishoni, tulifikiri ni homa. Kasema labda ini. Labda kitu kingine kimeota tumboni. "Sikumwona. Sijui."

"Daktari mzima unasema hujui?"

"Nasema sijui kwa sababu sijui."

Nilikasirika. Nikataka kusimama. Kaniuliza, "Mwishoni alikuwa anakula nini?"

"Mkate. Anauloweka kwenye chai. Kingine chochote alikuwa anatapika."

Kaweka kalamu mezani. "Kwa muda gani?"

"Mwezi na nusu. Labda zaidi."

"Basi ni mkate wako uliomweka hai muda wote huo."

Nikamwambia aseme tena. Kasema tena.

Nimekaa kwenye ngazi za nje sijui muda gani. Miezi minne nilikuwa na jambo moja nalijua, mkate ulimuua na mimi ndiye niliyeuleta. Ni jambo baya lakini nilikuwa nalijua. Sasa nimenyang'anywa hata hilo. Kilichomuua sikijui, daktari hakijui. Nilichoambiwa ni kwamba mkate ulimlisha. Nifurahi? Nilie? Sielewi.

Wakati natoka nilimuuliza, sasa mimi nile? Kasema, "Kama hutaki, usile. Viazi na mahindi vinatosha. Lakini si dawa na huna ugonjwa. Ni hiari yako."

Sikujua mtu anaweza kukataa chakula kwa hiari. Tena mwaka huu.

Alhamisi 3
Kwa Asukile nimejaribu kipande cha mkate. Kidogo kama kucha. Kimegoma hapa kooni. Nimekitema nyuma ya nyumba. Asukile kasema, "Ila daktari kasema huna kitu." Nikasema najua. "Sasa nini?" Sijui nini.

Ijumaa 4
Nimekwenda bekari. Mzee Budeba alikuwa anapanga bati za kuokea. Kanenepa au mimi ndiye nimekonda.

"Umemlisha mtoto wangu," nikasema.

"Alikuja mlango wa nyuma kasema Babu, nikikonda napelekwa Mbeya. Ningefanya nini? Mtoto hajanikosea. Aliyenikosea ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemkataza."

Kweli ningemkataza. Nikamwomba kazi. Kauliza kama nitakula mlangoni. Nikasema hapana. Kapiga bati kwa kiganja.

"Hata sasa? Na daktari kakwambia!"

"Nimejaribu, mzee. Haipiti. Ila nitasimama niwaambie watu nilikosea."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilikosea."

Kasema wabebaji wazuri wamekwisha, wote wako kwenye ujenzi wa reli. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, nisichelewe.

Jumapili 6
Nimemsindikiza Atuganile stendi. Nimemwambia mkate utaingia kesho. Kasema, "Utaingia kweli?" Nikasema kama hautaingia mke wa Asukile atakuandikia, si ndiye mpelelezi wako? Kacheka. Mara ya kwanza nimemwona anacheka tangu msiba. Akicheka anafanana na Subilaga sehemu za mdomo. Basi likaondoka. Evarista kanishika mkono njia nzima, na mwaka mzima huu hakuwahi kunishika barabarani.

Jumatatu 7
Saa moja mlango umefunguliwa. Mzee Budeba kakata mkate, Lutengano kala. Mimi nimesimama mikono mitupu. Yule mama wa Desemba alikuwepo, wa nne kutoka mbele.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyesema ngano inaua. Haiui. Nilikosea. Mke wangu alikufa nikaisingizia."

Yule mama kasema, "Pole baba. Basi kula."

"Sitaki."

"Kwa nini sasa?"

"Sitaki tu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umekatazwa?"

"Sijakatazwa."

"Dini?"

"Mkatoliki."

Foleni imecheka, ikaendelea kucheka. Mtu wa nyuma kapiga kelele, "Muacheni, fungu lake mnipe mimi!" Mzee Budeba hakucheka lakini alimkatia. Mama yule kanunua mikate miwili.

Magunia thelathini na nane. Kitambaa sikufunga.

Jioni kanipa mkate, uliopasuka juu. Nimeubeba mpaka Kihesa, nao ulikuwa wa moto. Njia nzima sikujua nitembee haraka au polepole. Evarista alikuwa ameweka chai jikoni. Nikaweka mkate mezani, nikakaa ng'ambo na viazi vyangu.

Nikataka kummegea. Kasema hapana, anataka cha kukatwa kama cha bekari. Kisu cha mkate hatuna. Nimeosha panga, nimekata kwa panga. Vipande vimetoka vinene, kimoja kimekwenda upande. Kala viwili polepole. Hakunitazama, hakuharakisha. Nilikuwa namtazama mimi, koo, tumbo, macho. Bado naogopa. Nafikiri nitaogopa muda mrefu.

Kasema, "Vya Babu Budeba vinakuwa vyembamba."

Nikamwambia kesho nitakata vyembamba.